Mwenye Pembe Zilizopishana

Barua ya hifadhi ilifika Kihangula mwanzoni mwa Oktoba. Ilisema watu ishirini na watano watachukuliwa na basi, wataingizwa hifadhini bure, watapewa chakula cha mchana na kurudishwa siku hiyohiyo. Ilisema pia kwamba familia zilizowahi kudhurika na wanyama zipewe nafasi kwanza. Kijijini kwetu familia hizo zilikuwa tatu. Mbili ni za watu waliovunjwa mbavu na nyati. Ya tatu ilikuwa ya kwetu.

Kaka yangu Alois aliuawa na tembo miaka minne kabla ya barua hiyo, mwezi wa tano, kulipopambazuka, katika shamba lake la mahindi kando ya mto. Mke wake, Otilia, alikuwa juu ya ulingo. Aliona yote. Mimi ni fundi cherehani, naishi ua mmoja na wifi yangu, kwa hiyo habari ile nimeisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila mara aliisimulia vilevile. Tembo alikuwa dume, peke yake. Pembe zake zilipishana mbele ya mkonga, ya kulia ikipita juu ya ya kushoto, kama mtu aliyekunja mikono. Alois alipiga debe, tembo akasimama. Alois akapiga tena, tembo akaja.

Wanaume walikataa kuzika. Waliweka jeneza katikati ya barabara kuu, wakasema haliondoki mpaka mnyama yule auawe. Siku ya pili walikuja askari wawili wa wanyamapori na bunduki, wakaingia porini pamoja na mwenyekiti wetu wa kijiji, Bonaventura Kihwele. Jua lilipokaribia kuzama tulisikia milio minne. Baadaye Kihwele alifika msibani, suruali imejaa matope hadi magotini, akachuchumaa mbele ya mkeka aliokalia Otilia.

"Shemeji," alimwambia, "ndiye. Amelala."

Tulizika kesho yake asubuhi. Pembe zilichukuliwa na askari, nyama ikagawiwa kijiji kizima, na Otilia akatengewa fungu la kwanza. Tangu kifo hakuwa ametia kitu mdomoni zaidi ya maji. Siku ile alikula. Nyama iliyobaki aliikausha juu ya jiko, akaila karibu miezi miwili. Nilimkuta mara moja jikoni peke yake, anatafuna, taya zinafanya kazi kama mashine. Nikamwambia, "Wifi, utaumwa meno." Akajibu, "Namtafuna."

Kwa hiyo jina la Otilia liliandikwa la kwanza kwenye orodha ya safari, na langu likafuata. Siku mbili kabla ya kuondoka Kihwele alikuja uani kwetu. Alikuwa rafiki wa Alois tangu wakiwa wanachunga mbuzi pamoja, na hakuwahi kumwita Otilia kwa jina lingine ila shemeji.

"Shemeji, ule mwendo ni wa saa tatu kwenda na tatu kurudi," alisema. "Barabara yenyewe mahandaki matupu. Na mgongo wako ule? Si bora nafasi umpe mtu mwingine?"

"Mgongo wangu umekuomba nini, mwenyekiti?"

"Nakuonea huruma tu. Kuwaona tena wale wanyama..."

"Wale wanyama nawaona kila mwaka, shambani, nikiwa nakimbia. Safari hii nataka kuwaona nimekaa."

Nilicheka. Kihwele naye alicheka, lakini hakukaa. Nilidhani ni huruma kweli.

Basi lilikuja alfajiri ya Jumamosi. Lilikuwa la kijani, lenye madirisha makubwa, na ndani yake alikuwamo mhifadhi mmoja wa kike, hajafika miaka thelathini, amevaa sare na buti. Alituambia anaitwa Tusekile, na kwamba sisi ni majirani na hifadhi ni yetu sote.

"Kama ni yetu," alisema Babu Chaula kutoka kiti cha nyuma, "mbona tunaingia leo kwa mara ya kwanza na mimi nina miaka sabini na mbili?"

Watu walicheka. Tusekile naye alicheka, akasema ndiyo maana amekuja kutuchukua. Babu Chaula alikuwa amepakata chupa ya plastiki ya lita tatu aliyosema ni togwa isiyolevya. Kufika saa mbili hakuna aliyeamini tena kwamba ni togwa.

Tulipovuka geti Tusekile alitoa masharti. Tusitoe mikono nje. Tusitupe kitu. Tusipige kelele mnyama akiwa karibu. Tusishuke mpaka tuambiwe. Mama mmoja aliuliza kama kwenda haja nako kumo kwenye masharti hayo, na akaambiwa ndiyo, mpaka tufike kwenye banda la kulia.

Wanyama wa kwanza walikuwa swala, labda mia moja, chini ya migunga. Walituangalia wakaendelea kula. Kwa mtu wa kwetu jambo hilo ni geni. Swala wa kwetu akikuona unaona mkia tu.

"Hawa hawakimbii," alisema Otilia. Alikuwa dirishani, mimi niko pembeni yake.

"Wamezoea gari, mama," alisema Tusekile.

"Wamezoea watu wasiokula," alisema Babu Chaula. "Mhifadhi, yule wa tatu kutoka kushoto, yule mnene, unaweza kumwandikia jina langu?"

"Babu, nikimwandika yeye na wewe nitakuandika."

"Niandike tu. Jela wanakula maharage, hapa nakula nini?"

Tuliona twiga wanane, na ubishi ukazuka kama shingo peke yake inatosha harusi. Tuliona pundamilia na ngiri. Kwenye bwawa moja tuliona viboko wamelala wamebanana kama mawe, mmoja akapiga mwayo mrefu, na wanawake wa mbele wakashika vinywa vyao. Karibu saa nne dereva alizima injini kando ya kichaka. Ndani ya kivuli walikuwemo simba watano. Wote wamelala chali, matumbo juu. Tulingoja waamke. Hawakuamka. Inzi walikuwa wanatembea puani mwao.

"Ndio hawa?" aliuliza Babu Chaula kwa kunong'ona. "Tunaotishia nao watoto? Wanalala kama mlinzi wa shule yetu."

Mlinzi wa shule yetu alikuwa viti viwili mbele yake. Akageuka. "Babu, mimi nikilala naota wewe unaiba mabati."

Otilia alicheka mpaka akafuta machozi. Nasema hili kwa sababu baadaye watu walidai kwamba alikuwa amenuna tangu asubuhi, kwamba moyo wake ulikuwa unajua. Haikuwa hivyo. Alikuwa na furaha. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea mwenyewe, la bluu, na alikuwa anakula karanga.

Tembo tuliwaona kwa mbali mara mbili, kundi la majike na watoto wakipandisha kilima. Kila walipotajwa, macho ya basi zima yalimgeukia Otilia. Naye aliwatazama wale tembo, kisha akawatazama wale wanaomtazama, akarudi kwenye karanga zake. Kihwele alikuwa kiti cha mbele kabisa, karibu na dereva. Yeye ndiye hakugeuka.

Saa tano tulifika kwenye kona ya mto. Mto ulikuwa umekauka, umebaki mchanga mweupe mpana kama uwanja wa mpira. Katikati ya mchanga alikuwepo tembo mmoja, ametupa mgongo. Alikuwa anachimba kwa mguu wa mbele, kisha anaingiza mkonga kwenye shimo, anatulia, anapeleka maji mdomoni.

"Mna bahati leo," alisema Tusekile. Sauti yake ilibadilika, ikawa kama ya mtu anayemtambulisha mjomba wake. "Huyu wageni wanatoka mbali kumtafuta na hawamwoni. Subirini ageuke. Sisi tunamwita Mikasi."

"Kwa nini Mikasi?" mtu aliuliza.

"Mtaona wenyewe."

Tembo alimaliza kunywa. Aligeuka polepole, mwili mzima, kama lori linalotafuta nafasi, akatukabili. Pembe zake zilikuwa ndefu na za manjano. Zilipishana mbele ya mkonga. Ya kulia ilipita juu ya ya kushoto.

Katika basi lile hakukuwa na mtu mzima ambaye hakumsikia Otilia msibani. Wengi walikuwa wamesimulia pembe zile kwa wageni wao kana kwamba waliziona wenyewe. Mimi nilimshika wifi yangu mkono. Ulikuwa mkavu, na bado una karanga ndani.

Kihwele alikohoa. "Tembo wa namna hii wako wengi," alisema, bila kumwelekea mtu. "Pembe kupishana ni jambo la kawaida."

"Hapana, mwenyekiti," alisema Tusekile. Maskini, hakujua. "Katika hifadhi hii nzima ni huyu mmoja tu. Tungekuwa na mwingine tungejua, tuna kumbukumbu zao zote, na picha."

"Dada," alisema Otilia, "wewe umemjua lini?"

"Tangu siku ya kwanza kazini, mama. Mwaka wa sita huu."

"Na hajawahi kupotea hapo katikati?"

"Masika huwa anapotea. Anavuka mpaka, sijui anakwenda wapi, kisha maji yakikauka anarudi hapa hapa." Tusekile alitabasamu. "Ni mzee mpole sana huyu. Hana neno na mtu."

Otilia alimtazama tembo kwa muda. Alimtazama kama unavyomtazama mtu stendi unapojaribu kukumbuka mlikutana wapi, ingawa yeye alikumbuka vizuri.

"Asante," alisema. "Tunaweza kwenda."

Banda la kulia lilikuwa juu ya ukingo, na meza za saruji. Tulipewa wali, kipande cha kuku, kabichi, ndizi na soda. Watu walikaa kwa makundi na kuongea kwa sauti za chini, jambo ambalo watu wa Kihangula hawaliwezi kwa muda mrefu. Otilia alichukua sahani yake, akatembea mpaka meza aliyokuwa amekaa Kihwele peke yake, akakaa mbele yake. Nilimfuata, nikakaa. Hakuna aliyenikataza.

Alianza kula kwanza. Alikula kama vijiko vitano.

"Bonaventura," alisema. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Tulimla nani?"

Kihwele aliweka kijiko chini. Yeye ni mtu mkubwa wa mwili, na pale kwenye kiti cha saruji alionekana kama amekalia kitu kidogo sana.

"Jike," alisema.

"Jike gani?"

"Jike tu, shemeji. Tulizunguka toka mchana. Nyayo za yule tulizipata, zimeelekea huku, zimeshavuka mpaka. Askari wakasema huko hawana ruhusa. Jua linashuka. Jeneza liko barabarani siku ya pili, na wewe unajua jua la mwezi wa tano. Kwenye matete tukakuta kundi. Mmoja wa askari akasema, mwenyekiti, unataka mnyama au unataka maneno? Nikamwambia nataka watu wakazike."

"Ukaja ukaniambia ndiye."

"Ndiyo."

"Ungeweza kuniambia wamemkosa."

"Shemeji, ulikuwa huli. Dada zako wanakulazimisha uji unautema. Mimi nimemzika Alois tayari kichwani mwangu, naona sasa nitakuzika na wewe. Nikasema nikimwambia ndiye, atakula." Alinitazama mimi, kama naweza kumsaidia. "Na ulikula."

"Nilikula," alisema Otilia.

Alirudi kwenye wali wake. Upande wa pili wa banda Babu Chaula alikuwa anajaribu kumweleza mtu jambo kwa mikono, kisha akaacha. Tumbili mmoja alishuka kwenye paa, akaiba ndizi ya mlinzi wa shule, na hakuna aliyecheka.

"Alikuwa na mtoto?" aliuliza Otilia.

Kihwele alisogeza sahani yake pembeni.

"Nimekuuliza."

"Alikuwepo mdogo," alisema Kihwele. "Kimo cha meza hii. Walipiga risasi moja hewani akakimbilia wenzake. Sijui zaidi ya hapo. Haki ya Mungu sijui."

Otilia alimaliza wali. Alimenya ndizi, akala nusu, nusu akaiweka kwenye sahani. Kisha akasimama na kwenda kwa Tusekile, ambaye alikuwa anakunywa soda yake kando ya basi.

Mimi nilibaki na Kihwele kidogo. Nilitaka kumtukana na nikakosa tusi la kulingana naye. Mtu huyu ndiye aliyebeba kichwa cha jeneza la kaka yangu. Nilimwuliza tu nani mwingine alijua. Akasema wale askari, ambao walihamishwa mwaka huohuo, na yeye, basi. Hata mke wake hakumwambia.

"Umebeba vizuri," nilimwambia. Hakujua nimemsifu au nimemsema. Na mimi sijui.

Ratiba ilisema baada ya chakula tungekwenda kuona makumbusho madogo na kurudi nyumbani. Tusekile alisimama mlangoni mwa basi akasema kuna mama ameomba turudi kwa Mikasi. Aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyekuwa nalo. Nilimwona Tusekile usoni, na nikajua wifi yangu amemweleza, kwa sababu tabasamu lilikuwa limemtoka na halikurudi mpaka jioni.

Tembo alikuwa palepale. Dereva alisogeza basi hadi chini ya mkwaju na kuzima injini. Umbali ulikuwa kama kutoka kanisani kwetu mpaka zahanati, labda pungufu. Tulikaa hapo saa nzima na zaidi. Sijawahi kukitazama kiumbe chochote muda mrefu namna ile, hata mtoto wangu.

Hakufanya mambo makubwa. Alichimba. Shimo lilipobomoka alilifukua upya. Alipokunywa, alingoja maji yajikusanye, akanywa tena. Nyuma yake walikuwa wamejipanga nyani na swala na kundi la kanga, wakisubiri amalize, na kila alipotikisa kichwa walirudi nyuma hatua mbili. Alikuwa amekonda. Juu ya macho, pande zote mbili za paji, palikuwa pamebonyea kiasi cha kuweka bakuli. Sikio la kushoto lilikuwa na tundu unaloweza kuonea mwanga wa upande wa pili.

"Mzee wa miaka mingapi?" aliuliza Otilia.

"Wanakisia hamsini na kitu," alisema Tusekile. Sasa alikuwa amekaa sakafuni mwa basi, karibu na miguu yetu. "Tembo anabadilisha magego mara sita maishani, mama. Yakiisha ya sita hana mengine. Huyu yuko kwenye ya mwisho, na yameshalika. Ndiyo maana amekonda. Magome na miti migumu hawezi tena. Anatafuta vitu laini."

"Kama mahindi mabichi."

Tusekile aliinamisha kichwa. "Kama mahindi mabichi," alisema.

Otilia aliliwaza hilo. Kisha akaniegemea kidogo, akaongea kwa sauti ya kunifikia mimi tu.

"Wifi, nilidhani nitatetemeka."

"Hutetemeki?"

"Sitetemeki. Natafuta hasira siioni. Nikimwangalia Kihwele naiona, ipo. Nikimwangalia huyu naona tembo anachimba maji."

"Labda itakuja baadaye."

"Labda." Alikung'uta maganda ya karanga mapajani. "Yule jike ndiye ananisumbua. Nilimtafuna miezi miwili kwa chuki. Kila tonge nilikuwa nalitaja jina la Alois. Na yeye hata shambani kwangu hakuwahi kufika."

Na mimi nilimla, nilimpika na nyanya.

Nyuma, Babu Chaula alikuwa amekaa na kofia yake mapajani. "Mhifadhi," alisema, na hakukuwa na mzaha, "huyu mtampiga risasi?"

"Hapana, babu."

"Ameua mtu."

"Najua sasa. Nitaandika taarifa, na wakubwa wataamua. Lakini nikikwambia watampiga nitakuwa nakudanganya."

"Usimdanganye mtu," alisema Otilia taratibu, bila kugeuka. Kiti cha mbele kilitoa mlio, Kihwele alikuwa amejisogeza.

Mlinzi wa shule alisema yeye angempiga. Mama mmoja alisema akipigwa huyo atakuja mwingine. Wakabishana kwa sauti za chini, wengine wakitaja ekari walizopoteza, wengine wakimtaja Alois, na Alois akatajwa sana kuliko alivyokuwa ametajwa miaka miwili iliyopita. Mtu mmoja alikumbuka alivyokuwa anaimba besi kanisani, daima nyuma ya wenzake kwa neno moja. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesahau.

Karibu saa tisa na nusu tembo aliliacha shimo lake. Alivuka mchanga akielekea ng'ambo, mguu wa nyuma wa kulia akiuburuta kidogo, akapanda ukingo na kuingia kwenye miti. Nyani walifika kwenye maji kabla hajatoweka. Dereva akawasha gari.

Kurudi nyumbani hakukuwa na vichekesho vingi. Getini Tusekile aliagana nasi, akamshika Otilia mikono miwili na kumwomba samahani kwa kusema kwamba yule ni mpole. Otilia akamwambia, "Kwako ni mpole, mwanangu. Ulisema unachokijua." Kisha tukalala, vichwa vinagonga vioo, mpaka taa za Kihangula.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa mwezi uliofuata. Habari ya tembo ilikuwa imeshafika kila nyumba, na katika mkutano wa kampeni kijana mmoja wa upande wa pili alisimama akataka Mama Festo, yaani Otilia, aeleze mbele ya wote kama mwenyekiti wetu ni mwongo au si mwongo. Watu wakaanza kupiga makofi. Otilia hakutaka, lakini walimsimamisha.

"Alinidanganya," alisema. "Nilikuwa sili, nikala. Nyie nyama mlikula pia, na hakuna aliyeuliza kichwa kiko wapi." Akakaa.

Kihwele alishinda, kwa kura chache kuliko miaka yote. Wifi yangu hakuniambia alimpigia nani na sikumwuliza.

Lile shamba la mtoni alikuwa amelilima mahindi miaka yote minne, na kulala peke yake ulingoni bila kumwogopa yule tembo, kwa kuwa aliamini ameliwa. Mwaka ule hakulima mahindi pale. Alisema masika ikija na yule mzee atakuja, na meno yake hayajaota. Alihamishia mahindi juu, karibu na nyumba, mahali pabaya penye changarawe, na chini akaamua kupanda pilipili, ambazo tembo hali. Watu walisema amechanganyikiwa. Pilipili ekari mbili, nani atazila?

Mvua za kwanza zilipoanza tulikwenda kulima, yeye na mimi. Siku ya pili asubuhi Kihwele alitokea na jembe begani. Alisimama mpakani mwa shamba. Hakusalimia na sisi hatukumsalimia. Otilia aliendelea kulima mpaka mwisho wa mstari wake, akajinyoosha mgongo, akamtazama.

"Anzia kule kwenye kichuguu," alimwambia. "Mashimo yasipite kina cha kiganja."

Alilima mpaka saa sita na nusu, upande wake, peke yake. Otilia hakumpa chakula. Maji nilimpelekea mimi, akanywa amesimama, akanishukuru. Kesho yake alikuja tena.